Mfipa Aliyekuja Kumtukana Baba

Juzi mjukuu wangu alikuwa anapasha mawese jikoni, akayasahau kidogo motoni, harufu ikajaa nyumba nzima. Akakimbilia kufungua dirisha huku akiomba radhi. Nikamwambia aliache limefungwa. Akaniangalia kwa lile jicho la kujiuliza bibi kaamkaje leo, akaendelea na maharage yake. Sikumweleza, maana habari yenyewe ni ndefu, na vijana wakikusikia umeanza na "zamani zile" wanashika simu. Nawaeleza nyinyi wa rika langu, mliopakwa mawese miguuni mkiwa watoto mpaka mkang'aa.

Kwetu mawese yalikuwa ya Baba. Yalikuja katika vibuyu kutoka Karema, huko ziwani, na Mama aliyapasha kila asubuhi kabla hajapasha kitu kingine chochote. Hayakuwa ya mboga. Yalikuwa ya mikono ya Baba, ambayo ilikuwa ikilala imefunguka na kuamka imefungwa. Mama alikaa chini, akaweka mkono mmoja wa Baba mapajani mwake, akakunjua kidole baada ya kidole huku akisugua mafuta ya uvuguvugu. Mimi nilipewa kidole gumba kwa sababu hakikuwa kibishi. Ilikuwa kazi ninayoipenda kuliko zote, na niligombana na yeyote aliyetaka kunipokonya.

Tulikuwa tunakaa Magamba, karibu na Mpanda, siku zile mgodi wa madini ya risasi umechangamka na watu ndiyo kwanza wanaizoea treni. Baba alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Tabora, akahamia huku kufuata miombo, kwani kazi yake ilikuwa nyuki. Kaka zangu walipenda kusema kwamba Baba alikuwa akienda porini na mizinga miwili begani na anayemfuata lazima akimbie, na kwamba aliweza kumsalimia mtu aliye ng'ambo ya bonde na akaitikiwa. Mimi kitinda mimba niliwasikiliza, nikajua wananidanganya, maana hao hao ndio walioniambia kuwa mbung'o ni nzi wa kawaida aliyekula posho ya mgodini akanenepa.

Baba niliyemjua mimi aliburuta miguu. Mabega yake yalitangulia mbele, mkono wa kulia ukisugua muda wote kitu kisichoonekana kati ya kidole gumba na cha shahada. Uso wake haukucheka wala haukununa. Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona, na ukitaka kumsikia lazima uweke sikio karibu na mdomo wake. Niliamini kwamba ndivyo baba anavyotakiwa kuwa, na kwamba baba za wenzangu, wale wenye makelele, ndio waliokuwa na kasoro. Niliwaonea huruma wenzangu.

Pande zile watu walikuwa wanaogopa kitu kimoja kuliko simba, nacho ni malale. Mtu akionekana anasinzia mchana, anaburuta miguu, mate yanamtoka, hakuna anayeuliza zaidi. Majirani walianza kupunguza kuja kwetu. Kaka zangu wakampakia Baba kwenye baiskeli, wakaisukuma mpaka zahanati ya misheni, na mimi nikafuata nyuma nikilia kwa sababu hawakunipakia mimi. Huko kulikuwa na mganga msaidizi ambaye kila mtu alimwita Bwana Dresa. Alimpapasa Baba shingoni kutafuta matezi, akamtoa damu, halafu akampeleka hospitali ya mjini akatolewa maji ya mgongoni. Majibu yakarudi kwamba si malale.

Mama alipiga kigelegele palepale barazani mwa zahanati. Kisha akauliza, "Sasa kama si malale, dawa yake ni ipi?"

Bwana Dresa aliinamisha kichwa. "Mama, huu ugonjwa uko kichwani, ndani kabisa, pale mwili unapopata amri zake. Nimewahi kuuona kwa wazee wengine. Dawa sina. Nikikupa vidonge nitakuwa nakudanganya tu. Ila namna ya kumtunza nitakufundisha."

Leo hospitali wanauita Pakinsoni na wana vidonge vyake. Wakati ule yule bwana alikuwa na maneno tu, akayatoa yote. Alimfundisha Mama kumgeuza Baba ubavu huu na ubavu huu ili asichubuke, kumkalisha wima anapokula, kidevu kimeinama, na kumpa uji mzito badala ya mwepesi, kwa kuwa mwepesi unakimbilia njia ya pumzi. Alimwambia asiongeze kijiko mpaka kikoromeo kipande na kushuka. Mpaka leo nikimlisha mtu yeyote, hata mtoto mzima wa afya, macho yangu yanakwenda kooni kwake. Namshukuru Bwana Dresa kwa ukweli wake, maana kuna waliotuletea hirizi na matumaini na wakaondoka na kuku.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Bwana Dresa hakuweza kulifundisha. Baba aliona haya. Watu walikuja kumwona, wakakaa mbele yake na sauti za msibani, "Pole mzee, pole sana, Mungu yupo," na Mama anamlisha, na uji unamdondokea kifuani mbele ya wanawe na mbele ya wanaume aliokuwa akiwaongoza porini. Siku moja akafunga mdomo. Mama akabembeleza, kaka zangu wakabembeleza, mimi nikabembeleza kwa wimbo. Akatutazama tu na ule uso wake usiobadilika. Siku ya pili hivyo hivyo. Bwana Dresa akaja kwa baiskeli, akamshika Baba kifundo cha mkono, kisha akamvuta Mama pembeni, nyuma ya kihenge cha mahindi ambako mimi nilikuwa nimejibanza.

"Ugonjwa huu haumwondoi leo wala kesho," akasema. "Anaweza kukaa nao miaka. Kitakachomwondoa wiki hii ni kutokula."

Mama alibaki pale nyuma ya kihenge baada ya yule bwana kuondoka, akalia bila kutoa sauti. Ndipo nilipojua kwamba baba yangu anaweza kufa, na kwamba ni yeye mwenyewe anayetaka.

Kesho yake asubuhi akaja Mama Skola.

Sikuwahi kumwona kabla. Alikuwa Mfipa, mwanamke mfupi mnene, mumewe akifanya kazi mgodini, na wao walikaa kambini. Baadaye nilijua kwamba alikuwa mteja wa Baba wa asali tangu mimi sijazaliwa, na kwamba alikuwa amekwenda kwao Ufipa kwa muda mrefu, aliporudi akasikia habari. Alikuja na kikapu cha unga wa ulezi kichwani na jembe begani. Hakupiga hodi.

"Yuko wapi huyo mpagazi?" akauliza kwa sauti iliyowatawanya kuku. "Nasikia amegoma kula. Nimekuja na jembe langu kabisa, nisijisumbue kurudi nyumbani kulifuata."

Akaingia ndani, akasimama mbele ya Baba, akamkagua juu mpaka chini. "Eeh! Ndiyo hiki kilichobaki? Hiki nacho kinaitiwa watu wa kuzika? Nakifukia peke yangu, nakwenda zangu kunywa pombe."

Nilimwangalia Mama nikitegemea achukue mwiko. Mama alikuwa amejifunika mdomo kwa upande wa kaniki, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Mama Skola akachota uji uliokuwa umepoa, akauonja, akaukoroga na unga wake mpaka ukawa mzito, akamkalisha Baba wima kwa nguvu zake mwenyewe.

"Mume wangu," akasema, na hapo ndipo niliposhangaa kabisa, "hebu nionyeshe hayo meno ya kutafunia michembe, hivyo viazi vyenu vikavu, kama bado yamo."

Midomo ya Baba ikatikisika. Alinong'ona kitu.

"Sisikii! Nyie Wanyamwezi mlivyokuwa mnapiga kelele na mizigo yenu kutoka Tabora mpaka pwani, leo unaninong'oneza kana kwamba umenichumbia?"

Baba akavuta pumzi. Niliona kifua kikiinuka, kikainuka tena. Halafu ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba ile, sauti nene yenye kutu. "Mfipa... mla panya!"

Na mdomo ulipofunguka kwa hilo neno la mwisho, kijiko kikaingia. Baba akashtuka. Mama Skola akamwinamisha kidevu, akangoja, macho kwenye koo. Kikoromeo kikapanda, kikashuka.

"Haya," akasema. "Tukana tena."

Baba alimaliza bakuli lile kwa matusi. Mama alipoondoa ile kaniki mdomoni nikaona kumbe alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, anacheka.

Nyinyi mnajua utani, sina haja ya kuwafundisha. Mfipa na Mnyamwezi wakikutana ni lazima watukanane, na anayetukanwa ni lazima ajibu, akinuna ndiye aliyeshindwa. Baba alikuwa amekataa chakula, dawa, nyimbo na machozi, lakini kumwachia Mfipa neno la mwisho hakuweza. Mimi lakini sikuwa nimefundishwa. Kijijini kwetu Wafipa hawakuwepo, na utani nilioujua ni wa babu na mjukuu. Nilichoona ni mwanamke mgeni amekuja na jembe, anamwita baba yangu mume wake, na anasema atamfukia.

Kesho yake akaja tena, na mambo yakawa mabaya zaidi. Baada ya uji na matusi alichukua bua la mtama, akalisimamisha kando ya Baba, akalikata usawa wa kiwiko. Kisha akatoka nje na jembe lake na akaanza kuchimba. Akachimba shimo, akasogea, akachimba jingine, kwa mstari kuelekea chooni. Nikayachungulia. Yalikuwa membamba. Nikafikiri sana, nikapata jibu: Baba ameshaanza kujikunja mwenyewe, sasa watammalizia kumkunja, na yale mashimo mengine ni kwa ajili yetu sisi. Nikaenda nikakaa juu ya shimo la kwanza, miguu ndani.

"Toka hapo mwanangu, nina kazi," akasema.

"Sitoki. Tata hatoshi humu." Tata ndivyo tulivyomwita Baba kwa lugha yetu.

"Nani hatoshi?"

"Tata. Kamzike mume wako mwenyewe!"

Akaliweka jembe chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Yeye alikaa kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, tukawa tunatazamana uso kwa uso. Hakucheka, na kwa hilo peke yake nilimpenda baadaye.

"Hapo ulipokaa inasimama nguzo," akasema. "Na pale nguzo, na pale. Juu tunalaza fito usawa wa mkono wake, tumepima na lile bua, umeniona. Tata yako atashika fito, aende chooni mwenyewe, asishikwe na mkewe watoto wanaangalia. Hilo ndilo linamuuma."

"Mbona unamtukana?"

Akanijibu, "Wenzangu wote wanaokuja hapa wanamlilia. Sasa mtu akikaliwa matanga naye anasikia, atakula uji wa nini? Mimi namtukana vilevile nilivyokuwa namtukana mzima. Yeye anajua bado tunagombana, hajaondoka." Akasimama, akajikung'uta. "Na wewe umenitukana vizuri. Umerithi kwa baba yako. Haya, niletee nguzo."

Nikamletea. Toka siku ile nilikuwa upande wake, na nikajifunza kuwatukana Wafipa kwa bidii kuliko nilivyojifunza sala.

Alikuja karibu kila siku, mumewe akiwa kazini. Hakuwa ndugu, hakuwa jirani, na hakuna aliyemwagiza. Alimwondolea Mama zamu ya kumgeuza Baba ili Mama apate kulala mchana. Alitushonea godoro la maganda laini ya mahindi, akawa anayabadilisha kabla hayajagandamana. Baba alipokasirika, na alikasirika mara nyingi kwa kuwa kifungo cha shati kinaweza kumshinda mtu asubuhi nzima, Mama Skola alikaa kando akamtukana polepole mpaka kifungo kikaingia. Hakumfungia. Mama alijaribu kumfungia siku moja, Mama Skola akampiga kofi la mkono kwa mzaha, akamwambia, "Muache, wewe. Mkono usiotumwa unasahau."

Jambo ambalo watu wa Magamba wanalizungumza mpaka leo, nadhani, ni lile la majivu. Baba alikuwa na tabia ya kuganda. Anatembea vizuri, akifika mlangoni au mahali peupe, miguu inakataa, unyayo umeshikamana na ardhi na mwili unataka kwenda. Tulikuwa tunamvuta, naye anaanguka. Siku moja, sisi na Mama Skola, tulikuwa tunampeleka mjini kwa Bwana Dresa, aliyekuwa amehamishiwa huko. Njiani aliganda kila mahali. Tukafika kwenye reli, Mama akaanza kuomba Mungu treni isije, maana tutamvushaje. Baba akalitazama taruma la kwanza, lile gogo linalolazwa chini ya vyuma vya reli, akainua mguu, akalikanyaga. Akainua mwingine. Halafu, badala ya kuvuka, akageuka akaifuata reli yenyewe, taruma kwa taruma, hatua ndefu, mpaka kaka yangu ikambidi amkimbilie.

Mama Skola alisimama katikati ya reli mikono kiunoni. "Mnaona?" akasema. "Kumbe huyu si mtu, ni behewa."

Tuliporudi akachota majivu jikoni, akachora mistari chini kuanzia kitandani kwa Baba, ikapita mlangoni, ikaenda uwanjani mpaka kwenye kigoda cha juani. Mstari, nafasi, mstari. "Nimekujengea reli, mpagazi. Pita, nione." Baba akasimama mlangoni, pale pale alipokuwa anaganda siku zote. Akatazama chini. Akaruka mstari wa kwanza, na wa pili, akatoka nje ya nyumba yake peke yake.

Majirani walipoona majivu wakajua ni uganga mzito. Walizunguka mbali, na mama mmoja alikuja kwa siri kuuliza mganga anapatikana wapi. "Jikoni kwako," Mama Skola akamjibu, na yule mama akaondoka amekasirika. Bwana Dresa alipokuja kututembelea aliitembea ile reli mwenyewe, huku na huku, akicheka, akasema kuna mzee mwingine atakayemchorea. Kazi ya kuchora upya kila asubuhi, kuku wakishafukua, ilikuwa yangu. Nilikuwa mkuu wa stesheni, na sijapata cheo kikubwa zaidi ya hicho.

Hivyo Baba akakaa nasi miaka. Nasema "akakaa nasi" kwa maana yenyewe: alikaa juani, watu wakamsalimia, akaamua mashauri ya kaka zangu kwa maneno machache yenye sauti, akaniambia majina ya miti yote ambayo nyuki wanapenda. Yote hayo ningeyakosa kama angebaki amefunga mdomo ile wiki. Ninayo, na kila ninapoyahesabu namkuta yule mwanamke ndani yake.

Alifariki wakati wa masika, mchana, homa ya mapafu imemchukua haraka. Wanaume waliomwosha walitoka wakasema mbele ya watu wote kwamba mzee huyu ameugua miaka na hana kidonda hata kimoja mwilini. Mama alisikia. Sijawahi kumwona mtu akisimama wima namna ile siku ya msiba wake.

Baada ya maziko ilikuwa zamu ya watani. Mnaijua kazi yao: mtani huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, ili watu wacheke kabla hawajaachana. Nilikuwa naogopa saa hiyo. Nilijua hakuna anayeijua miguu ya Baba kuliko Mama Skola, kila mburuto wake, kila kuganda kwake, na sikutaka watu waicheke. Akaingia chumbani. Akatoka amevaa shati la Baba na kofia yake, gogo la mzinga begani.

Hakuburuta mguu. Alikata uwanja kwa hatua ndefu, kifua mbele, mkono mmoja unapunga, kofia kisogoni. Watoto walimkimbilia wakashindwa kumfikia. Alifika ukingoni mwa uwanja, akaweka mkono mdomoni, akatoa salamu ya Kinyamwezi kuelekea ng'ambo ya bonde, "Mwangaluka!" kwa sauti ya kiume iliyofika huko na kurudi. Wazee wakaanguka kwa kicheko. Mzee mmoja rafiki wa Baba wa porini alikuwa anajipiga mapaja huku machozi yanamwagika, anasema, "Ndiye! Ndiye huyo!"

Nikamvuta Mama nguo huku nalia. "Mama, anakosea. Anamwigiza nani yule?"

Mama alikuwa hawezi kuyatoa macho uwanjani. Akanishika bega, akanigeuza nitazame vizuri.

"Huyo ndiye baba yako," akasema. "Wewe hukuwahi kumwona."

Nikaacha kulia, nikamtazama baba yangu akipita, anakwenda haraka.